Gitaa la Ukubwani na Pengo Lisilo Lako

Mtu anayeanza kujifunza gitaa akiwa na miaka 35 au 50 ana kitu kimoja ambacho kijana wa miaka 14 hana: mshahara. Ndiyo maana swali la vifaa humfikia mapema mno, mara nyingi kabla ncha za vidole hazijaota sugu. Wiki ya kwanza anajifunza kodi tatu (za gitaa, si zile za serikali). Wiki ya pili anafungua simu kutafuta ya nne. Wiki ya tatu simu hiyohiyo imeshamjua, inaanza kumwonyesha visanduku vya rangirangi vinavyokanyagwa kwa mguu: hiki cha kukwaruza sauti, kile cha kuirudisha kama mwangwi, kingine cha kuitikisa kama maji kwenye beseni. Ndizo pedali. Orodha ya zile ambazo eti huwezi kuishi bila kuwa nazo ni ileile kila uendako: tyuna, ovadraivu, distosheni, korasi, eko, rivabu. Orodha hiyo haina uongo ndani yake. Kasoro yake ni kwamba imeandikwa kwa ajili ya muziki mwingine.

Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba kabla ya kuuliza pedali inafanya nini, mwanafunzi mtu mzima aulize gitaa lake lina kazi gani ndani ya wimbo anaoupenda. Ushauri mwingi wa vifaa umezaliwa kwenye roki ya Marekani na Uingereza, ambako bendi ya watu watatu au wanne ina gitaa moja, ikizidi mawili, na gitaa hilo linadaiwa lijaze ukumbi mzima. Muziki wa dansi wa kwetu, tangu Kinshasa na Lubumbashi hadi Morogoro, Dar es Salaam na Nairobi, ulijengwa kwa magitaa matatu, hata manne, yanayopokezana maneno. Humo mpigaji anaheshimiwa kwa kile anachopiga na vilevile kwa kile anachomwachia mwenzake. Pedali nyingi, ukizichunguza kiufundi, ni mashine za kujaza mapengo. Hapo ndipo mgogoro ulipo, na hapo ndipo fedha nyingi za wanafunzi wa ukubwani zinapopotelea.

Tuchukue ushahidi ulio masikioni mwa yeyote aliyewahi kuhudhuria harusi ya Kiswahili. Les Wanyika waliundwa Nairobi mwaka 1978 na wanamuziki waliojitoa Simba Wanyika, na wimbo wao "Sina Makosa" ungali ukiwainua watu vitini hadi leo. Usikilize tena, lakini safari hii fuata gitaa moja tu tangu mwanzo hadi mwisho. Ridhimu ya Omar Shabani, yule waliyemwita Profesa Omari, haishushi kodi nzima kwa mkupuo. Inazimegamega, nota mbili hapa, tatu pale, halafu kimya cha kupepesa jicho. Besi ya Tom Malanga nayo inasema neno, inanyamaza, inarudi na jibu. Ukizipiga sehemu hizi moja moja, kila mtu na chumba chake, utashangaa jinsi zilivyo chache nota zake. Utamu unaanza zinapoumana kama meno ya zipu. Wakongo wakaongeza gitaa la nne, mi-solo, likakaa katikati ya solo na ridhimu kama shangazi anayepatanisha wana wa nyumba moja. Lugha yetu yenyewe ilikwisha kuuona mgawanyo huu: kwenye kurasa za burudani solo hucharazwa, ridhimu hukung'utwa, besi huungurumishwa. Kila gitaa na kitenzi chake.

Asiye na bendi asidhani kwamba habari hii haimhusu. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, mji ambao leo ni Likasi, Katanga. Mwenda alikuwa peke yake na gitaa la mbao lisilo na umeme. Kwenye wimbo wake "Masanga" kidole gumba kinashika njia ya besi na kidole cha shahada kinatembea juu na wimbo, na kati ya viwili hivyo sikio linasikia watu wawili, pengine watatu. Mtafiti David Rycroft aliandika nota za upigaji ule na kuzichambua katika jarida la African Music mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ukizitazama karatasini unaona mahali pa kupumua pakubwa kuliko ulivyofikiri. Kumbe hata mtu mmoja hujigawa akawa bendi, akajiachia nafasi mwenyewe. Mwanafunzi wa ukubwani anayetaka kujua gitaa la kwetu linavyofikiri angefanya vizuri kuanzia hapo, na gharama yake ni nyuzi sita na subira.

Sasa tuingie kwenye umeme kidogo, kwa sababu hoja ya mapengo haitoki kwenye mapenzi ya zilipendwa peke yake. Ovadraivu, distosheni na fazi ni ndugu wa tumbo moja. Zote hulikuza wimbi la sauti mpaka likagonga dari, kilele chake kikakatwa. Wimbi lililokatwa huzaa sauti za ziada ambazo mpigaji hakuzipiga. Ukigusa uzi mmoja, sauti hizo ni ukoo wa nota yenyewe, na sikio hufurahi. Ukigusa nyuzi mbili kwa pamoja, mtambo huzaa pia sauti zinazotokana na kujumlisha na kutoa mitetemo ya zile mbili. Waliokulia kwenye kwaya watanielewa upesi. Tuseme do yako inatetemeka mara 220 kwa sekunde. So iliyo juu yake, kwa jinsi gitaa linavyogawanywa na freti, inatetemeka kama mara 329.6. Toa, unapata 109.6, ambayo ni do ileile iliyoteremka oktavu moja, kasoro chembe. Ndiyo maana wapiga roki hushika do na so wakaiacha mi: mkwaruzo unawazawadia besi ya bure. Jaribu basi do na mi. Mi ya gitaa inatetemeka kama mara 277.2. Toa 220, unabaki na 57.2, ilhali do ya chini kabisa ilipaswa kuwa 55 na nusu hatua iliyo juu yake ni 58.3. Mtoto huyu hana jina. Ameangukia kwenye ufa ulio kati ya nota mbili. Sikio halimtambui, ila linamsikia: ndio ule ukungu, ule mngurumo mchafu unaomfanya mwanafunzi adhani amekosea kutyuni.

Na solo la rumba linakaa wapi? Linakaa hapohapo kwenye do na mi, na kwenye mi na do ya juu, nyuzi mbili zikitembea sambamba kama mtu na mdogo wake njiani. Mpiga gitaa wa Kongo, Franco Luambo Makiadi, alijenga sebene zake nyingi, zile sehemu za wimbo ambapo magitaa hutawala, kwa nyuzi mbilimbili namna hiyo, zikirudiwarudiwa mpaka ukumbi unachemka. Kwa hiyo kumwambia mwanafunzi wa muziki huu kwamba pedali yake ya kwanza iwe distosheni ni sawa na kumshauri mpishi wa pilau aanze kwa kununua mashine ya kusaga nyama. Mashine ni nzuri, lakini pilau haikuiomba.

Eko nayo ina hesabu zake. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una pigo moja kila nusu sekunde, yaani milisekunde 500. Nusu ya pigo ni 250, robo yake 125. Ridhimu ya dansi huishi kwenye hizo nusu na robo. Mapengo yake yana urefu huo. Mpigaji wa solo akiweka eko ya milisekunde 400 inayojirudia mara nne, kila nota yake inazaa nakala nne ambazo hazimo kwenye hesabu ya mtu yeyote jukwaani, nazo zinaangukia palepale ambapo ridhimu na besi walikubaliana kunyamaza. Akiwa peke yake chumbani anasikia utajiri. Akiwa na wenzake amekuwa yule mgeni anayemalizia sentensi za watu. Eko fupi, kama milisekunde 100 na nakala moja tu, haina ugomvi na mtu: inanenepesha nota na kuondoka kabla zamu ya mwenzake haijafika. Rivabu inafuata kanuni ileile. Kidogo ni hewa, nyingi ni mafuriko.

Atakayenipinga atasema wazee wetu walipiga sauti kavu kwa sababu hawakuwa na kingine, na kwamba ninaupamba uhaba nikauita mtindo. Pingamizi hili lina uzito na sipendi kulipita kwa haraka. Ni kweli kwamba katika Tanzania ya miaka ya 1970 bendi nyingi zilikuwa mali ya taasisi. Vyombo vya NUTA Jazz vilikuwa vya chama cha wafanyakazi; Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya teksi kabla ya kuhamia mikononi mwa DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Mpigaji alikabidhiwa gitaa na amplifaya kama dereva anavyokabidhiwa gari la ofisi, na fedha za kigeni zilipokauka, hata seti ya nyuzi ikawa ya kubembelezea. Katika hali hiyo hakuna aliyechagua kutokuwa na pedali, kwa sababu hakuna aliyepewa nafasi ya kuchagua.

Lakini uhaba haumwelezi Franco. Kabla hajafariki mwaka 1989 alikuwa na lebo zake, alikuwa na ukumbi wake wa Un Deux Trois mjini Kinshasa, na aliongoza bendi iliyojaza jukwaa kwa watu na vyombo. Angetaka fazi angeinunua pamoja na kiwanda chake. Hata Mkongo mwenzake Docteur Nico, aliyependa kulifanya gitaa lilie kwa mtelezo wa Kihawai, alitafuta rangi inayonyoosha nota moja na kuiacha wazi badala ya rangi inayofunika kila kitu. Na tazama majirani zetu wa Zambia. Miaka hiyohiyo ya 1970, WITCH na Ngozi Family walipiga gitaa lenye fazi inayounguza, muziki ambao leo dunia inauita Zamrock. Kwa hiyo pedali zilifika katika sehemu hii ya Afrika. Ila angalia zilikofikia: WITCH walikuwa na magitaa mawili, besi, kinanda, ngoma na mwimbaji, bila safu ya tarumbeta na saksafoni. Vinywa vilikuwa vichache, mapengo yakawa mapana, na fazi ikapata pa kukaa bila kumsukuma mtu. Kadhalika Paris miaka ya 1980, mwimbaji Kanda Bongo Man alipoipunguza bendi, akaikata sehemu ya taratibu na kuingia moja kwa moja kwenye chemko, gitaa la Diblo Dibala likapewa uwanja mpana zaidi na mng'ao wa studio ukalifaa. Kifaa kilibadilika pale mpangilio wa bendi ulipobadilika. Ningekuwa na shaka na hoja yangu kama ningeiona bendi ya magitaa manne ikiwakanyagisha distosheni wapigaji wote wanne na muziki wake ukabaki rumba.

Tena Wakongo hawakukosa ubunifu wa sauti. Waliutafuta kwenye uzi kabla ya kuutafuta kwenye mashine. Katika ile mi-composé, uzi wa nne hutolewa na mahali pake hukaa uzi mwembamba unaolia oktavu moja juu zaidi. Gitaa lote linageuka kengele. Bei yake ni uzi mmoja. Sijaiona kwenye orodha ya pedali za lazima.

Pingamizi la pili halihusu vifaa, linamhusu mtu mwenyewe. Samaki mkunje angali mbichi, wanasema, na wengi hununua pedali wakiwa na wasiwasi huo moyoni: vidole vimeshakauka, basi angalau mashine isaidie. Wasiwasi huu umezidishwa. Gary Marcus, wakati huo mwanasaikolojia wa New York University, alianza gitaa akiikaribia miaka 40 na kuandika kitabu kizima kuhusu safari hiyo, Guitar Zero, kilichotoka 2012. Hakugeuka gwiji, lakini alijifunza. Uwezo wa kutaja nota kwa kuisikia tu, bila kulinganisha na nyingine, kwa kweli hutegemea sana utoto, ila gitaa la dansi haliuhitaji. Linahitaji kujua nota hii iko wapi kwa mwenzake, na hilo hufundishika umri wowote. Tangu Hermann Ebbinghaus achapishe majaribio yake ya kumbukumbu mwaka 1885 inajulikana kwamba mazoezi yaliyogawanywa hukaa kichwani kuliko yaliyorundikwa, nayo ni habari njema kwa mtu mwenye kazi na watoto: dakika 20 kila usiku zinamfaa kuliko saa mbili na nusu za Jumamosi. Na kuna mali moja ambayo kijana hana. Aliyekua redio ya nyumbani ikimpigia Mbaraka Mwinshehe ana masikio yaliyotangulia shule miaka 30 kabla ya vidole. Anajua solo linapaswa kuingia lini. Hajui tu ashike wapi.

Kwa masikio hayo, hatari ya pedali ni kwamba huyaficha makosa yaleyale yanayopaswa kusikika. Kompresa ni mfano mzuri, kwa sababu ndiyo pedali ninayoiona inaufaa muziki wetu kuliko zote: huishusha nota iliyopigwa kwa nguvu na kuiinua iliyopigwa kinyonge, solo safi likatoka sawasawa kama shanga kwenye uzi. Mpigaji aliyekomaa akiitumia ni halali yake. Anayeanza akiitumia kila siku hatajua kamwe kwamba kidole chake cha pete kina nguvu pungufu kuliko cha shahada, maana mashine inamsahihishia kabla hajasikia. Rivabu hufunika nota iliyoachwa ikining'inia baada ya zamu yake kuisha. Eko hufunika nota iliyochelewa. Mtu anaweza kukaa mwaka mzima akidhani amejifunza, hadi siku anapoazimwa gitaa kavu kwenye sherehe.

Kwa upande mwingine, wanaosema kwamba furaha nayo ni kifaa wana haki. Mtu mzima halazimishwi na mzazi wala mtihani. Anaendelea kwa sababu anafurahia, na siku furaha ikiisha gitaa linahamia juu ya kabati. Sauti kavu ya gitaa la umeme saa nne usiku, baada ya foleni na kikao, inaweza kumkatisha tamaa hata mwenye moyo. Hapa nakubali bila kinyongo kwamba mashine moja ndogo yenye ifekti nyingi ndani, ile ya kuchomeka spika za masikioni, ni ununuzi wa busara kuliko pedali tatu za kifahari. Haimwamshi mtoto wala haimgombanishi mtu na jirani wa ghorofa ya chini, na inamwezesha asiyejua anachotaka kuonja kila kitu kabla hajalipia kimoja. Ushauri wangu ungekuwa ajiwekee mpaka: zoezi lipigwe kavu, starehe ipambwe, na ifekti iwe moja kwa wakati mmoja, apate kujua ni ipi inayofanya nini.

Na kuna kifaa kimoja ambacho, kwa mujibu wa hoja hii, kinastahili kuitangulia hata eko, ingawa hakiipambi sauti hata kidogo. Ni lupa, ile inayorekodi unachopiga kisha kukizungusha bila kukoma ili upige kingine juu yake. Mashine nyingi za ifekti siku hizi huja nayo ndani. Piga ridhimu ya mizunguko minne, iache izunguke, kisha jaribu kuweka solo juu yake. Ndani ya dakika mbili utagundua jambo lisilofurahisha: ridhimu yako imejaa pomoni, haina pa kupenya. Ulipokuwa unaipiga ulidhani ni tamu. Sasa wewe ndiye mwenzako mwenyewe, na unajionea ulivyomnyima nafasi. Ufute. Upige tena kwa nota chache, kisha chache zaidi. Mwanafunzi asiye na bendi hana mwalimu mwingine wa mapengo aliye mkali na mvumilivu kiasi hicho.

Mengine ya kununua yanaweza kusemwa kwa ufupi, ila la kwanza halimo dukani. Gitaa jipya la bei nafuu mara nyingi hufika nyuzi zikiwa zimesimama juu mno, na mtu mzima hulaumu vidole vyake kwa kosa la seremala. Fundi wa magitaa azishushe, kiasi cha milimita 2 juu ya freti ya 12 kwa gitaa la umeme, na aweke nyuzi nyembamba, zile za seti inayoanzia inchi 0.009 au 0.010, maumivu yatapungua siku hiyohiyo. Tyuna haina mjadala. Halafu amplifaya, ambayo ni nusu ya pili ya gitaa la umeme na ndiyo inayostahili fedha ambazo watu huzipeleka kwenye pedali. Usidanganywe na wati. Kuziongeza mara mbili huongeza desibeli 3 tu, tofauti ndogo. Ili sikio lione sauti imekuwa kubwa maradufu zinahitajika karibu mara kumi. Wati 10 zinatosha sebuleni. Kinachotafutwa ni amplifaya inayobaki safi hata ukiiongeza, kwa sababu ile inayoanza kukwaruza yenyewe mapema imeshakuchagulia muziki. Aina ya Roland Jazz Chorus ya mwaka 1975 ilipata jina duniani kwa usafi huo, na korasi yake ya ndani ndiyo iliyozaa pedali ya Boss CE-1 mwaka uliofuata. Korasi yenyewe huchukua sauti, huichelewesha nakala yake kidogo sana na kuiyumbisha, gitaa moja likasikika kama mawili yaliyokaa karibu. Kwa anayepiga peke yake, au kanisani ambako gitaa ni moja na kinanda, hiyo ni neema. Kwenye bendi yenye mi-solo, gitaa hilo la pili tayari lina mtu wake, naye anasubiri posho.

Suala la umeme wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Pedali nyingi hutaka volti 9 za mkondo mnyoofu, hasi ikiwa katikati ya plagi, kinyume cha adapta nyingi za vifaa vya nyumbani. Ukichomeka yoyote iliyo karibu unaweza kuiaga pedali papo hapo. Pedali ya kawaida ya mkwaruzo hula miliampia chache tu, ila ya kidijitali inaweza kutaka 100, hata 300, na ikipunjwa hunguruma au hukataa kuwaka. Ndugu aliyeko Marekani akikutumia kifaa, adapta yake huenda ni ya volti 120 peke yake, na soketi zetu zina 230 au 240. Soma maandishi madogo kabla ya kuchomeka.

Anayeupenda muziki wa roki, au bluzi, au hiyo Zamrock, hana haja ya kuniomba radhi. Achukue fazi yake, kazi ya gitaa lake inaidai. Lakini kwa yule ambaye moyo wake uko kwenye sebene, kuna jaribio la dukani, iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi. Nenda na gitaa lako mwenyewe, maana la dukani litakuwa zuri kuliko lako. Omba amplifaya ikiwa safi. Shika do na mi kwenye nyuzi mbili zilizo jirani, ziache zilie, usikilize sauti mbili. Washa pedali. Ukiendelea kuzisikia mbili, endelea. Zikigeuka moja yenye ukungu, irudishe kabatini bila kuuliza bei. Kisha mwombe muuzaji, au kijana yeyote aliyekuja kuangalia, akukung'utie ridhimu ya taratibu. Washa eko, ingia na solo, na uhesabu umemkatiza mara ngapi.